Kimbo na Ruiru: mtaa ulivyoiacha nyuma shule ya umma

Kimbo ni mtaa wa makazi upande wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu, katika ule ukanda wa nyumba unaoandamana na barabara kuu ya Thika tangu Githurai hadi Juja. Hapa Pwani wengi hulijua jina hilo kwa mafuta ya kupikia kuliko kwa mtaa. Wanaoujua mtaa wenyewe mara nyingi ni wazazi ambao vijana wao wanasoma Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, au JKUAT kule Juja, na kutafuta chumba cha bei nafuu kukawafikisha pande hizo.

Makala haya yanahusu shule za umma za ukanda huo: zilianzaje, kwa nini hazikui kwa kasi ya nyumba, na ni nani hasa mwenye kazi ya kuziongeza. Tumeuchagua ukanda huo ingawa uko mbali na bahari, kwa sababu yaliyoupata ndiyo yanayoinyemelea Mtwapa, Utange, Mikindani na Ukunda. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wametangulia kama miaka ishirini hivi.

Kwanza tarakimu, maana zinasema mengi. Katika sensa ya 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 238,858. Sensa ya 2019 ikaukuta na watu 490,120. Miaka kumi tu, na mji umezidi maradufu, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, ukizipita Eldoret na Kisumu ambazo kila mtoto wa shule anazijua kwenye ramani. Kaunti nzima ya Kiambu ilitoka watu 1,623,282 ikafika 2,417,735. Kwa kulinganisha, Kisauni yote ilihesabiwa watu 291,930 mwaka huo wa 2019, na sisi sote tunajua madarasa ya Kisauni yalivyojaa.

Nani mwenye shule?

Katika nchi kama Marekani, kitongoji kikikua huwa na wilaya yake ya shule. Wakazi huchagua bodi, bodi hutoza kodi ya nyumba na ardhi, na kodi hiyo hujenga madarasa na kulipa walimu. Mfumo huo una dhuluma zake, maana penye nyumba za thamani shule huwa nzuri na penye nyumba duni shule huwa duni. Lakini una jambo moja ambalo sisi hatuna: nyumba mpya inapojengwa, shilingi fulani huelekea shuleni moja kwa moja.

Kenya tulikuwa na kitu cha kukaribia hapo. Baada ya uhuru shule za msingi zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti na ya manispaa. Mabaraza ya kaunti yakashindwa kuzigharamia, na sheria ya mwaka 1969 ikayanyang'anya elimu ya msingi, afya na barabara, vyote vikaenda serikali kuu kuanzia 1970. Manispaa kubwa, Mombasa na Nairobi zikiwemo, zilibaki na idara zao za elimu, na ndiyo maana wazee wetu bado wanasema shule ya manispaa. Kuajiri walimu kulikuwa kumeshawekwa mikononi mwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya 1967. Sheria ya Elimu ya 1968 nayo iliyageuza makanisa kutoka wenye shule yakawa wafadhili wenye sauti lakini wasio na mkoba mkubwa.

Katiba ya 2010 haikuubadilisha mpango huo kwa kiasi ambacho watu wengi wanadhani. Kaunti zilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Matokeo yake mtu akijenga ghorofa tano Kimbo, ada ya idhini ya ujenzi na kodi ya kila mwaka ya ardhi huenda Kaunti ya Kiambu. Kaunti hiyo hairuhusiwi kuihesabu sekondari kuwa kazi yake. Serikali kuu, ambayo kazi ni yake, haipati habari kwamba ghorofa imejengwa mpaka watoto wa wapangaji wafike langoni mwa shule mwezi wa Januari.

Tunaliweka hili mbele kwa sababu mara nyingi lawama hupelekwa mlango usio wake. Mzazi humfokea mwakilishi wa wadi kuhusu darasa la nne, na mwakilishi wa wadi, kwa kutotaka kuonekana mdogo, huahidi.

Mkonge, kahawa na shule za shambani

Kabla ya nyumba, ardhi ya Ruiru ilikuwa mashamba ya masetla ya kahawa na mkonge. Reli ya Nairobi hadi Thika ilifika Thika mwaka 1913 na kuyafungua mashamba hayo kwa soko. Kahawa ilishika mizizi kiasi kwamba kituo cha utafiti wa zao hilo kiliwekwa Ruiru, na aina ya mbegu iliyotoka hapo mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11, jina ambalo wakulima wa kahawa wanalijua Afrika Mashariki yote.

Mtoto wa kibarua wa shamba alisoma pale tu mwenye shamba alipopenda. Shule za shambani zilikuwa chache, madarasa machache, na ajira ya baba ikikatika na masomo yalikatika. Nje ya mashamba, katika maeneo ya Wakikuyu waliyotengewa, hali ilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1929 wamisheni walipowataka waumini wakane tohara ya wasichana, familia nyingi zilitoka makanisani na kuanzisha shule zao wenyewe. Jumuiya mbili zilisimama: ile ya KISA, iliyokuwa na nguvu zaidi Murang'a na Nyeri, na ile ya Karing'a upande wa Kiambu. Mwaka 1939 kikafunguliwa Githunguri chuo cha kuwafundisha walimu wa shule hizo, chini ya Mbiyu Koinange aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Hizi zilikuwa shule za wananchi kwa maana halisi. Michango, mbao, mawe na kazi ya mikono vilitoka kwa wazazi.

Serikali ya kikoloni ilizifunga baada ya kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Baadhi zilirudishwa baadaye chini ya bodi za elimu za wilaya au makanisa, nyingine zilikufa. Miaka michache kabla ya hapo, ripoti ya Beecher ya 1949 ilikuwa imeweka chujio kali: mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akafanya mtihani, na wengi wakaishia hapo. Kwa hiyo wazee waliokuja kununua ardhi Ruiru baada ya uhuru ni watu waliojua kwa uchungu maana ya shule kufungwa.

Thika yenyewe, kilomita chache mbele, ilikuwa na bahati zaidi. Ilikuwa mji wa viwanda na manispaa, na mashirika ya dini yaliweka shule zenye ardhi ya kutosha mapema. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ya kwanza ya aina yake nchini. Shule ya Upili ya Mang'u, aliyosoma Rais Mwai Kibaki, ilianzia Kabaa mwaka 1925, ikahamia Mang'u mwaka 1940, kisha ikapelekwa kwenye eneo lake la sasa karibu na Thika. Ukipita Thika leo utaziona shule za zamani kwa miti yake, yaani kwa nafasi. Na mtu wa Pwani akitaka kujihisi nyumbani, Thika ina Majengo yake, kama ilivyo miji mingi ya bara ambayo Waislamu na Waswahili waliishi tangu enzi za misafara na reli.

Jirani mwingine wa Kimbo pia aliweka alama. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi serikali kambi yao ya kijeshi ya Kahawa. Ikageuzwa Chuo cha Kenyatta, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Mabweni hayakutosha wanafunzi, wanafunzi wakapanga vyumba nje, wenye ploti wakajenga vyumba. Uchumi wa vyumba vya kupangisha katika ukanda ule kwa sehemu kubwa umetokana na hapo.

Ploti ya 50 kwa 100

Baada ya uhuru masetla wengi waliuza. Waliojitokeza kununua mashamba makubwa ni kampuni za wananchi, ambapo watu mia au elfu walichangia hisa, wakanunua shamba kwa pamoja, wakaligawa. Moja iliyojulikana sana Ruiru ni Githunguri Constituency Ranching Company, ambayo jina la Githunguri bado limo kwenye nambari za hatimiliki za sehemu kubwa ya Ruiru Mashariki. Mwanahisa alipata cheti, akasubiri, kisha ikapigwa baloti na kila mmoja akachukua nambari ya ploti yake. Vipimo vilivyozoeleka ni futi 50 kwa 100 au 40 kwa 80.

Majina ya mitaa yaliyozaliwa humo yanaonyesha watu walikuwa na nia gani. Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Kwihota ni kujiweza.

Lakini mpango wa kampuni ya kununua ardhi una kasoro ndani yake. Kila ekari inayoachwa kwa shule, zahanati au soko ni ekari isiyogawiwa mwanahisa. Kampuni ya watu elfu waliongoja miaka kumi haina hamu ya kuacha ekari tano za shule. Sheria za mipango ziliwataka waache viwanja vya umma, na katika ramani nyingi viliachwa. Kuachwa kwenye ramani, hata hivyo, ni jambo moja, na kusajiliwa kwa jina la umma ni jingine. Kiwanja ambacho hakina hatimiliki wala ukuta wala mlinzi, katikati ya mtaa ambao bei ya ploti inapanda kila mwaka, hakikai muda mrefu kikiwa kitupu. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, iliorodhesha ardhi za umma zilizochukuliwa nchini kote, za shule zikiwemo. Januari 2015 nchi nzima iliona picha za wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, wakirushiwa vitoa machozi kwa sababu waliuangusha ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Baada ya aibu hiyo serikali iliagiza shule zote za umma zipimwe na kupewa hatimiliki. Kazi hiyo imekwenda pole pole mno.

Basi Ruiru ikawa hivi: shule za msingi zilizokuwepo tangu enzi za mashamba au zilizojengwa kwa harambee miaka ya 1970 na 1980 zilibaki ni zile zile, kwenye viwanja vile vile, huku zikizungukwa na nyumba. Mtaa mpya ulipoota, watoto wake walitembea hadi shule ya mtaa wa zamani.

Januari 2003

Elimu ya msingi bila karo haikuanza na Kibaki. Mzee Kenyatta aliondoa karo kwa madarasa ya kwanza mpaka la nne mwaka 1974, lakini ada za majengo zikaingia kwa mlango wa nyuma, na sera ya kugawana gharama ya mwaka 1988 ikaurudisha mzigo wote kwa mzazi. Serikali ya NARC ilipoingia madarakani, Januari 2003 milango ilifunguliwa. Wanafunzi wa shule za msingi walitoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 wakafika milioni 7.2 mwaka huo mmoja.

Ni vizuri mzazi aelewe fedha hizo zilivyopangwa, maana mpango ule ule ndio unaoendelea. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya masomo, kwenye akaunti iliyoitwa SIMBA, na 370 za matumizi ya kawaida kama maji, umeme, mlinzi na chaki. Baadaye kiwango kilipandishwa kikawa 1,420. Shule ya watoto 2,000 ikipata fedha zake zote, na kwa wakati, inapokea shilingi milioni 2.84 kwa mwaka. Hesabu hiyo inaonekana kubwa mpaka utambue kwamba ndani yake hakuna kitu cha kujenga darasa. Mgao unamfuata mtoto, lakini hauleti ukuta. Kwa hiyo shule ikipata watoto mia mbili wapya, itapata vitabu vyao, na madawati labda, na watakaa pale pale walipokaa wenzao.

Walimu nao hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu kama zamani, na kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa ikijaza tu nafasi za waliostaafu, kufa au kuacha kazi. Shule za ukanda wa Thika Road zikawa kama za Likoni na Changamwe: mwalimu wa TSC hapa, na pembeni yake mwalimu anayelipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi, ilhali elimu inaitwa ya bure.

Kilichosaidia kujenga ni hazina ya ustawishaji wa maeneo bunge, CDF, iliyoanza mwaka huo huo wa 2003 kwa kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Madarasa mengi yaliyopakwa rangi na kuandikwa jina la hazina hiyo ukutani yalitoka hapo. Lakini hapa pia ukanda wa Ruiru ulipunjwa na ramani. Mpaka uchaguzi wa 2013, Ruiru, Juja na Thika mjini zote zilikuwa eneo bunge moja la Juja. Watu wengi kuliko wa maeneo bunge mengine mawili au matatu ya bara, na mgao wa mbunge mmoja. Mwaka 2013 likagawanywa mara tatu, na Ruiru ikapata mbunge wake na wadi nane, kuanzia Biashara na Gitothua hadi Mwiki na Mwihoko. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba hazina hiyo haipatani na Katiba. Wanaofurahia hukumu hiyo wana hoja nzito za kisheria. Lakini hawajatuambia ni mkono gani mwingine utakaojenga darasa Kimbo.

Barabara pana, shule nyembamba

Mwaka 2009 ujenzi wa kupanua barabara ya Thika ulianza, na Novemba 2012 Rais Kibaki akaifungua rasmi, kilomita 50 hivi. Safari ya kwenda mjini iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikafupika. Barabara ya Eastern Bypass nayo ikaiunganisha Ruiru na Barabara ya Mombasa, kwa hiyo dereva wa lori kutoka bandarini anaweza kufika Thika bila kuugusa mji wa Nairobi. Viwanda vilikuwa tayari: Brookside wa maziwa, Devki wa chuma. Kila kitu kilichomfanya mtu ahamie Ruiru kilikamilika ndani ya miaka mitatu minne.

Barabara ilipangwa, ikafadhiliwa, ikajengwa. Shule za watu watakaoletwa na barabara hiyo hazikuwa sehemu ya mpango. Tunasema hivi bila kuibeza barabara, ni kazi nzuri. Ila mradi wa mabilioni ya shilingi unaobadilisha makazi ya watu laki mbili ungeweza kubeba ndani yake viwanja kumi vya shule, na gharama yake isingeonekana kwenye hesabu.

Pengo likajazwa na shule za kibinafsi. Ziko za namna mbili, na kuzichanganya ni kosa. Kuna zile za wenye uwezo. Katika mji mpya wa Tatu City, uliojengwa Ruiru kwenye lililokuwa shamba la kahawa, ziko shule za Nova Pioneer na Crawford, zenye viwanja vya michezo na maabara. Halafu kuna zile za mtaani, ghorofa la kupangisha au vyumba vya mabati kwenye ploti ile ile ya 50 kwa 100, zinazotoza karo kidogo kidogo kwa wiki au kwa mwezi, na zinazompokea mtoto saa kumi na mbili asubuhi mama akienda kibaruani. Serikali ina jina refu la shule za aina hii, na ilitoa mwongozo wa kuzisajili, lakini nyingi bado ziko pembeni ya sheria. Septemba 2019 jengo la shule kama hiyo liliporomoka Dagoretti, Nairobi, na watoto wakafa. Baada ya mkasa zilifungwa shule kadhaa, na wazazi wakauliza swali ambalo halikujibiwa: tuwapeleke wapi?

Mzazi wa Kimbo anayelipa karo shule ya mabati hafanyi hivyo kwa kudharau shule ya umma. Anapima umbali, barabara ambayo mtoto wa miaka sita atavuka, na idadi ya watoto darasani. Wengi wetu Bamburi na Mishomoroni tumepiga hesabu hiyo hiyo.

Mtaala mpya kwenye kiwanja cha zamani

Sera ya mwaka 2018 ya kila mtoto aliyemaliza darasa la nane kuingia kidato cha kwanza ilisukuma msongamano kutoka shule za msingi hadi sekondari. Elimu ya sekondari za kutwa ilikuwa imeanza kulipiwa na serikali mwaka 2008 kwa shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, ikafika 22,244. Sekondari ndogo za kutwa zikaota ndani ya nyua za shule za msingi, na kila iliyoota ilikula sehemu ya uwanja wa kuchezea.

Kisha ukaja mtaala wa CBC, ulioanza kutumika rasmi madarasa ya chini mwaka 2019. Mpango wa awali ulikuwa Gredi ya 7, 8 na 9 ziwe sekondari. Serikali ya sasa, kwa ushauri wa kikosi kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu, iliamua zibaki shule za msingi, na Januari 2023 kundi la kwanza la Gredi ya 7 likaanza huko. Kwa mtoto mdogo wa mashambani ulikuwa uamuzi wa huruma, hakwenda mbali na kwao. Kwa shule za mijini zilizokwishajaa, maana yake ilikuwa kubaki na mwaka mmoja zaidi wa watoto kuliko zamani, nao wakihitaji maabara. Januari 2025 Gredi ya 9 ilipoingia, shule ya msingi yenye kiwanja cha miaka ya 1970 ilikuwa na watoto wa miaka minne wa chekechea ya kaunti na vijana wa miaka kumi na tano chini ya paa zinazogusana. Chekechea ina mwajiri wake, shule ya msingi ina mwalimu mkuu, na sekondari msingi ina walimu waliogoma Mei 2024 wakidai ajira ya kudumu badala ya mkataba wa mafunzo.

Jambo moja dogo linaloumiza zaidi kwetu kuliko kwao ni cheti cha kuzaliwa. Tangu mfumo wa kielektroniki wa NEMIS uanze, mgao wa serikali humfuata mtoto aliyesajiliwa, na kusajiliwa kunahitaji cheti. Mitaa ya wahamiaji kama Kimbo ina watoto waliozaliwa kaunti nyingine na vyeti vilivyoachwa kijijini. Pwani tuna watoto ambao wazazi wao wenyewe wamehangaishwa miaka kwa kitambulisho. Mtoto asiyesajiliwa hukaa darasani, hula nafasi ya dawati, na shule hailipwi kwa ajili yake. Mwalimu mkuu mwenye roho humpokea na kunyamaza.

Huku kwetu

Historia ya shule za Mombasa ina umri mkubwa kuliko ya Ruiru. Krapf alikuwa Rabai mwaka 1846, Allidina Visram ilifunguliwa 1923, na chuo cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini shule hizo za zamani ziko kisiwani au karibu nacho, na watu hawako tena huko. Sensa ya 2019 iliwakuta Mvita watu 154,171, na Kisauni na Likoni kwa pamoja zaidi ya laki tano. Shule za fahari ziko kule ambako kodi ya nyumba imewashinda wazazi vijana.

Na ardhi yetu ina mafundo ambayo Ruiru haiyajui. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha wenyeji wengi wa ukanda wa maili kumi bila karatasi. Mpaka leo Mombasa kuna nyumba bila ardhi, ambapo mmoja anamiliki kuta na mwingine anamiliki chini, na kodi ya ardhi inalipwa kila mwezi. Shule ya jamii, madrasa au chekechea iliyojengwa kwa mpango huo inasimama kwa hisani ya mwenye ardhi, na warithi wake huenda wasiwe na hisani hiyo. Kaskazini ya Mtwapa, yaliyokuwa mashamba ya mkonge na minazi yanagawanywa ploti sasa hivi, na matangazo yanataja umbali hadi ufukweni, hadi barabara ya lami, hadi maduka. Shule ya umma haitajwi, kwa sababu haipo kwenye ramani ya muuzaji.

Sheria inampa mzazi mahali pa kushika. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, bodi ya usimamizi ya shule ya umma ina wawakilishi sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, na kila shule inapaswa kuwa na chama cha wazazi. Wawakilishi hao wana haki ya kuuliza mkutanoni kama shule ina hatimiliki, imesajiliwa kwa jina la nani, na kama mipaka yake imepimwa na kuwekewa mawe. Kuhusu mashamba yanayogawanywa, ombi la ugawaji hupita ofisi ya mipango ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na mkazi anaweza kwenda kuiangalia ramani na kuuliza kiwanja cha shule kiko nambari ngapi, na kimekabidhiwa umma lini. Wakati wa kuuliza ni kabla ya ploti za pembeni yake kuuzwa.